Mlango wa Alfa Spider haufungi mpaka uuinue, ni bawaba kweli?

SWALI: Fundi shikamoo. Nina Alfa Romeo Spider ya 1974, injini ya cc 2000, niliinunua miezi minne iliyopita ikiwa imetoka kupigwa rangi nyekundu inang'aa balaa. Sasa mlango wa dereva haufungi mpaka niuinue kidogo kwa mkono, na nikipita kwenye tuta nasikia krii nyuma ya siti. Fundi wangu anasema ni bawaba tu, aweke washa, zile pete za chuma, apige grisi yaishe. Nimwachie?

JIBU: Marahaba. Usimwachie kwanza. Hili la mlango naletewa kila siku, na kila anayelileta ameshaambiwa bawaba, na gari yake ina rangi mpya. Mimi hiyo rangi mpya ndo inanitisha kuliko mlango.

Gari yako haina chesisi ya peke yake, bodi ndo chesisi. Gari yenye paa, paa nalo linasaidia kushikilia mbele na nyuma, lakini hii Pininfarina, wachoraji wa gari wa Italia, waliichora wazi tangu ile ya kwanza ya 1966, kwa hiyo mzigo wote uko kwenye sakafu na vizingiti, yale maboksi ya bati yanayopita chini ya milango. Na kizingiti cha Spider sio bati moja, ni matatu, la nje, la kati na la ndani. La nje ndo linapigwa rangi watu wanapiga picha. La kati hulioni kabisa na ndo lina kazi kubwa, likiliwa na kutu gari inabonyea katikati taratibu, mwanya wa mlango unabana juu unaachia chini.

Shida ni kwamba bawaba zikichoka na zenyewe zinaleta mwanya wa hivyo hivyo, ndo maana watu wanaingizwa mjini. Fungua mlango, shika upande wa kitasa, unyanyue. Mlango ukicheza pale kwenye bawaba, haya, bawaba zina lake. Ukiwa umekaza, funga, chukua kadi ngumu uipitishe kwenye mwanya wa juu nyuma ya mlango, halafu waite watu wawili wazito wakae kwenye siti. Kadi iliyokuwa inapita ikigoma, gari inapinda, hakuna washa itakayokusaidia hapo.

Kutu ya hizi gari inaanzia ndani. Turubai likizeeka linavuja, na vile vitundu vya kutolea maji kwenye kona za nyuma ya siti, pale turubai linapokunjwa, vinaziba kwa majani na vumbi, maji yanatafuta njia yake, yanakaa chini ya zulia wiki nzima we unaona zulia kavu juu. Ukiona rangi inafura nje ujue ndani kulishaisha zamani.

Halafu anakuja mtu na kopo la puti, ule unga wa kuzibia bati kabla ya rangi. Nilishawahi kukata kizingiti cha Spider moja nikakuta magazeti yamekunjwa, juu yake povu la kuzibia madirisha, halafu puti nene kama kidole, halafu rangi safi kabisa. Aliyefanya vile alijua anachofanya. Wengine wanachomelea kiraka juu ya bati lililooza, wengine wanamwaga dawa nyeusi chini ya gari juu ya kutu mbichi, unyevu unafungiwa ndani unaendelea kula kwa raha zake. Na mbaya kuliko wote ni yule anayekata vizingiti vyote viwili kwa mpigo, bila kuchomelea kwanza vyuma vya kushikilia mwanya wa mlango kutoka nguzo ya mbele hadi ya nyuma. Gari inapinda, anachomelea imepinda hivyo hivyo, na hapo hata mlango mpya hauingii.

Cha ajabu mtu akienda kununua anasikiliza injini nusu saa. Injini ile ni ya alumini, kamshafti mbili, zile shafti za kufungulia vali, zinazungushwa na cheni sio mkanda, ukibadilisha oili kwa wakati na ukaiacha ipate moto kabla ya kukanyaga inakaa sana. Gia ya pili kukwaruza asubuhi ni sinkronaiza, ile pete inayosaidia gia kuingia laini, ugonjwa wa familia. Hivyo vyote unavishusha unatengeneza mezani, bodi iliyooza utaishushia wapi? Mwenye Fiat 124 Spider naye asicheke, wako boti moja.

Kwa hiyo kabla ya bawaba ng'oa zulia la dereva na felti yake, chukua bisibisi gonga na uchokonoe kona ya nyuma, kizingiti kinapokutana na bati la gurudumu. Kwa nje pitisha sumaku uliyoifunga kitambaa, isiposhika ujue ni puti. Anzia kona hiyo maana ile krii unayoisikia iko palepale, na bawaba ziko mbele, hazilii nyuma ya siti.