Una kamera moja na laki 8? Majibu ya mpiga vidio wa harusi kutoka Tanga

Mkuu uliyeuliza juzi, swali lako nimelisoma mara mbili kabla sijashika simu kujibu. Umesema una Canon moja ya mtumba, lenzi mbili, na laki 8 ulizodunduliza mwaka mzima, unataka kutengeneza filamu yako ya kwanza. Mwisho ukauliza sisi tusio na wafadhili tunaishije, na hadithi tunazitoa wapi. Wadau wengi wamekujibu upande wa kamera, na wamejibu vizuri. Mimi nitashika hayo mawili ya mwisho, maana kwangu jibu lake ni moja: harusi.

Naishi Ngamiani, Tanga. Tangu 2009 napiga vidio za harusi, maulidi, mahafali na misiba pale familia inapoomba. Ndani ya miaka hiyo nimetengeneza filamu fupi 5 na ndefu 1. Hakuna iliyowahi kunilipia kodi ya nyumba. Kodi wanalipa maharusi. Zamani jambo hilo liliniuma sana, nikiona kila Jumamosi inapotea kwenye keki na zawadi za kamati huku skripti yangu inalala kwenye droo. Leo nakwambia kwa moyo wote, bila hizo Jumamosi nisingekuwa na cha kuandika.

Mpiga vidio anaingia pasipoingia hata ndugu. Anakuwepo bibi harusi anapovalishwa, anawaona mashangazi wawili waliokosana miaka wakilazimika kushika sinia moja, anamuona kaka mkubwa akihesabu michango na uso unambadilika. Baada ya saa moja wanakusahau. Ukiwa na macho, pale unapata shule ambayo chuo hakiwezi kukupa: unajifunza mtu anavyosimama akiwa na aibu, anavyokula akiwa na hasira.

Mwaka 2016 nilikuwa na kazi Chumbageni. Nikatoka nyuma ya ukumbi kubadilisha betri, nikamkuta baba wa bibi harusi amekaa peke yake pembeni ya jenereta. Sahani ya pilau iko mapajani, hajaigusa. Kavua baraghashia, anaikunja, anaikunjua, anaikunja tena. Nikamwamkia, shikamoo mzee. Akaitikia, kisha akasema, "Nimekaa hapa, kelele za mashine hii zinanisitiri." Sikuwasha kamera. Usiku niliporudi nyumbani niliandika maneno yake nyuma ya risiti ya petroli, na risiti hiyo ikakaa ukutani kwangu miaka miwili. Humo ndimo ilimotoka filamu yangu ya dakika 18, ya baba anayejificha kwenye kelele ili bintiye asimsikie akilia.

Hapa nikuombe kitu, mkuu. Watu wamekufungulia mlango kwa kazi nyingine, hawakukualika uje kuchota siri zao. Kwenye filamu ile nilibadilisha kazi ya mzee, mtaa, sababu ya kilio, kila kitu. Nilibakisha jenereta na baraghashia tu, na kabla ya kuionyesha nilimfuata nikamweleza. Alinyamaza kidogo, akasema sawa.

Mbali na harusi, aliyenifundisha kusimulia ni kibanda umiza, yaani banda la mtaani la kuonyeshea vidio kwa kiingilio. Nimekulia kwenye mabenchi yale, jasho na moshi wa chipsi kutoka nje, tunaangalia picha za Kichina na za Kihindi huku sauti ya Lufufu ikitutafsiria. Wadogo hapa huenda hawamjui. Alikuwa anaichukua filamu ya watu wa mbali na kuisimulia upya kwa Kiswahili, anaeleza nani ni nani, anatupia methali, anaihamishia kwetu kabisa. Picha ilikuwa ileile dunia nzima, lakini tuliyoiona sisi pale bandani ilikuwa ya kwetu. Nilielewa nikiwa mtoto kwamba msimulizi ana nguvu kuliko mashine iliyopiga picha. Na hapa Tanga tulikuwa na mchekeshaji Mzee Majuto, Mungu amrehemu, aliyetutoka Agosti 2018. Wengi walimpenda kwa maneno. Mimi nilikuwa namtazama anapoulizwa swali, namna anavyochelewa kujibu, macho tu yanatembea, na watu wameshaanza kucheka. Mpaka leo nikiediti nauliza: hapa Majuto angenyamaza sekunde ngapi? Siikati sini kabla ya hapo.

Kuna wakati nilikata tamaa kabisa, nikaenda Unguja kuangalia ZIFF, tamasha la filamu lililokuwepo tangu 1998. Nilikaa Ngome Kongwe usiku, kwenye ngazi za mawe, nikiwa mtazamaji tu. Akina mama wa Zanzibar waliokaa nyuma yangu walikuwa wanajibizana na pazia la sinema kama wako sebuleni. Nilirudi Tanga na hamu ya kazi upya. Kama hujawahi kuona filamu za Afrika ukiwa katikati ya watu, tenga nauli uende, hata kabla ya kununua lenzi ya tatu.

Sasa hesabu, maana umeomba ukweli. Ile ya dakika 18 tulishuti siku 3, tulikuwa watu 11, na imekula shilingi 629,000. Chakula peke yake kilichukua 198,000, yaani elfu 6 kwa kila mtu kwa siku. Maikrofoni nzuri na kinasa sauti nilikodi kwa 40,000 kwa siku, ikawa 120,000. Nauli na bodaboda 90,000, mavazi 45,000, mafuta ya jenereta 36,000, bando na vocha 30,000, asante ya mwenye nyumba 50,000, na dharura 60,000, ambayo yote ilikwenda. Waigizaji hawakulipwa mshahara. Nimewaandikia karatasi, kila mmoja na saini yake, kwamba filamu ikiingiza chochote wanagawana asilimia tuliyokubaliana, na harusi zikiwa nyingi nawaita kunisaidia kwa malipo. Usiguse chakula ukitaka kubana matumizi. Mtu anayejitolea akishinda na chai na kitumbua kimoja, saa 9 mchana uso wake unaonekana kwenye picha, hata kama anasema hajachoka.

Utaona sauti imekula zaidi ya taa. Nimefanya hivyo makusudi. Mtazamaji wetu anavumilia picha yenye chenga, ila asiposikia maneno anaondoka. Kabla ya kuchagua nyumba ya kushutia, nenda ukakae humo saa nzima umefumba macho. Utasikia mashine ya kusaga, bajaji, kuku wa jirani, shule inayotoka saa 8. Adhana usishindane nayo: pangeni ratiba mpumzike, wanaoswali waswali. Na kila sini ikiisha, wote wanyamaze nusu dakika, unase ukimya wa chumba kile. Ukija kuediti utauhitaji kuziba mapengo.

Taa kubwa tunayo bure, ila inakuja kwa masharti. Huku kwetu karibu na ikweta jua linapanda haraka, likifika utosini macho ya watu yanageuka mashimo. Kwa hiyo nje nashuti kuanzia saa 12 na nusu asubuhi mpaka saa 3, halafu narudi saa 10 jioni. Mwaka mzima Tanga jua linazama kati ya saa 12 na dakika chache na saa 1 kasorobo, na giza halisubiri. Una kama dakika 20 za rangi nzuri, basi. Fanyeni mazoezi kutwa, dakika hizo mzitumie kushuti tu.

Kingine, usiiache kamera ijipimie mwanga yenyewe. Mbele ya kanzu nyeupe itatia giza picha nzima, na sura ya mtu mweusi inazama. Pima usoni, kanzu ijitegemee. Mkalishe mwigizaji ubavuni mwa ukuta mweupe au mlango uliopakwa rangi ya mwanga, mpake mafuta ya nazi kidogo kwenye paji na mashavu, uone sura inavyochongeka. Ndani ya nyumba weka kasi ya shata ya kamera 1/50 ya sekunde, kwa sababu umeme wetu ni wa hezi 50. Ukiweka nyingine ovyo, taa za tyubu zinacheza kwenye picha na huwezi kuzituliza baadaye.

Nikupe mfano mmoja wa kutumia ulichonacho. Mwisho wa filamu ile baba anarudi nyumbani kwa baiskeli alfajiri, na nilitaka kamera imtangulie, tumuone uso. Reli za kamera hatuna, gari hatuna. Lakini Tanga ni mji wa baiskeli, na barabara ya kuelekea Raskazone ni tambarare. Tukachukua baiskeli ya Phoenix ya jirani, tukapunguza upepo matairini mpaka ikawa laini, kijana mmoja akaendesha, mimi nikakaa kwenye keria nimetazama nyuma, mgongo wangu umeegemea wake, mkanda wa kamera umekazwa shingoni mpaka unauma. Mwigizaji wetu, ambaye ni fundi cherehani, anatufuata kwa baiskeli yake, kinasa sauti kiko mfukoni mwa kanzu. Tukarudia mara 3. Mara ya 3, mzee mmoja anayekwenda zake baharini, asiyejua lolote, akamuona mtu kavaa kanzu asubuhi ile, akampigia kelele: "Vipi, shughuli imeisha?" Fundi wetu hakugeuka kunitazama. Akajibu polepole, "Imeisha salama," akaendelea kukanyaga. Nilitetemeka juu ya keria. Maneno yale hayakuwa kwenye skripti, na ndiyo yanayofunga filamu. Yule mzee tulimrudia, tukamwonyesha, akakubali abaki.

Mambo ya serikali usiyaruke. Kibali cha kushuti kinatoka Bodi ya Filamu, na sheria yenyewe ni ya tangu 1976. Filamu ikiisha inapelekwa kukaguliwa na kupangiwa daraja kabla hujaionyesha hadharani. Anzia kwa afisa utamaduni wa halmashauri yako, atakuelekeza, na upate barua ya serikali ya mtaa. Barua ile imeniokoa mara nyingi polisi wakisimama kuuliza tunapiga picha za nini.

Kosa langu kubwa lilikuwa mkataba. Filamu yangu ndefu niliimaliza 2012, mwaka ule tuliompoteza mwigizaji Kanumba, soko la sidii likiwa bado linatembea. Nikapanda basi mpaka Kariakoo. Msambazaji mmoja akaniambia dakika 95 hazifai, anataka sehemu ya kwanza na ya pili, ndivyo soko lilivyokuwa. Nikarudi kushuti magari yanaingia getini, watu wanapanda ngazi, wanapiga simu ndefu, ili tu zipatikane sidii mbili. Nikaiharibu kazi yangu kwa mikono yangu, kisha nikasaini kumpa haki zote kwa milioni 2 na nusu. Miaka kadhaa baadaye nikaikuta YouTube kwenye chaneli nisiyoijua, majina ya waigizaji yamekatwa. Mmoja wao alikuwa ameshafariki, na mwanaye ndiye aliyenipigia simu kuniuliza kwa nini jina la mama halipo. Sikuwa na la kumjibu. Mkuu, soma kila mstari. Andika ni haki ipi unauza, kwa muda gani, kwa eneo gani. Isajili kazi yako COSOTA, ofisi ya hakimiliki, kabla hujamwonyesha mtu mwenye pesa.

Siku yangu ya kawaida, kwa kuwa umeuliza: naamka saa 10 alfajiri. Mji umetulia, joto limepungua, kompyuta haichemki, naediti ya kwangu mpaka saa 1. Hayo masaa matatu ni ya filamu, siyauzi. Kuanzia saa 2 ni vidio za wateja, picha za paspoti, mtu kaleta flashi ina virusi. Kila klipu naihifadhi sehemu tatu, moja ikiwa nyumbani kwa dada yangu. Mwaka 2014 diski moja ilikufa na siku 2 za kushuti, na mtoto aliyeigiza alikuwa ameshahamia Mwanza na wazazi wake. Filamu ile haikukamilika mpaka leo.

Kwa laki 8 zako ningefanya hivi: andika hadithi ya watu wawili au watatu, isizidi dakika 15, katika nyumba unayoweza kuingia bila kuomba mara mbili. Usinunue kifaa chochote. Kodi sauti, lisha watu vizuri, weka elfu 80 pembeni usiiguse. Na wiki moja kabla ya kuandika, tafuta mpiga vidio wa harusi wa mtaani kwenu, umwombe umshikie taa bure.

Kama uko Tanga au jirani, Jumamosi ijayo nina kazi Pongwe. Nitumie ujumbe binafsi nikuelekeze. Tunaanza saa 6 mchana nyumbani kwa bibi harusi, njoo umevaa viatu visivyo na kelele.