Mkaguzi kasimamisha kazi, nami lipu nishaanza

SWALI: Assalamu alaikum, babu. Nyumba yetu iko Malindi, Mji Mkongwe wa Zanzibar, tumeachiwa na marehemu bibi. Dari ya chumba cha nyuma ilibonyea, nikamwita fundi. Akasema tutoe boriti tumwage zege, kisha kuta zote tuzipige lipu ya saruji, eti ndani hakutakiwi kibali. Siku ya tisa kaja mkaguzi, kaniachia karatasi ya kusimamisha kazi. Fundi ananiambia tumalizie usiku, halafu nikaombe kibali cha kupaka rangi. Nimebakiwa na mifuko 30 ya saruji uani. Nifanyeje?
Mjukuu wa Malindi

JIBU: Waalaikumu salamu, mjukuu wangu. Huyo fundi wako namjua bila ya kumuona. Miaka yote niliyopanda ngazi za nyumba hizo na tochi mkononi, nilikuwa nikimkuta kila mtaa.

Usimalizie usiku. Ukigonga nyundo Malindi saa tano za usiku, jirani anaruka kitandani, kwani ukuta wako na wake ni mmoja. Na hilo la "ndani hakutakiwi" si kweli. Mji Mkongwe una mamlaka yake ya hifadhi tangu 1985, na tangu 2000 umo katika Urithi wa Dunia wa UNESCO. Kutoa dari ni kazi ya kibali, iwe sebuleni au chumba cha nyuma.

Lakini mimi hata sheria tuiweke kando, lipu hiyo inanitia hofu zaidi. Ukuta wako ni mawe ya matumbawe, chokaa na udongo, unene nusu mita au zaidi. Unanyonya unyevu na chumvi kutoka chini, na chokaa inauachia utoke taratibu. Ukiufunika kwa saruji, maji hayana pa kutokea. Yanapanda juu, yanakwenda kuozesha vichwa vya boriti vilivyozama ukutani. Nje unaona ukuta mweupe umenyooka, ndani unga mtupu. Juu yake ndiyo umwage zege! Vyumba vile vilijengwa vyembamba, karibu mita 3, kwa sababu ndio urefu boriti ya mkoko inaoweza kubeba. Kuta zilipimiwa mzigo huo, si wa zege. Beit al Ajaib, lile jumba la kale la sultani, lilipoporomoka upande mmoja, Disemba 25, 2020, lilikuwa katika ukarabati, na watu wawili walifariki. Jengo kongwe likishaguswa ndipo linapotaka jicho la karibu.

Sasa, leo hii egemeza dari iliyobaki kwa nguzo, wala usitoe boriti nyengine. Lipu mbichi ibanduliwe kabla haijashika. Nenda mamlaka na karatasi ile ile, usiifiche, pamoja na hati ya nyumba, barua ya sheha wa mtaa wenu na ridhaa ya warithi wenzio. Tazama vizuri hati: nyumba nyingi za mji ule ni za wakfu, yaani zimefungwa zisiuzwe wala kurithiwa, na kama yenu ni hivyo, anzia Kamisheni ya Wakfu. Nishaona ndugu wakigombana mbele ya mkaguzi kuhusu nyumba ambayo haikuwa ya yeyote kati yao.

Ukipata kibali, mwombe mkaguzi aje mara mbili: matundu ya boriti yakiwa wazi, na tena kabla ya lipu ya chokaa. Watu humwita kazi ikishapakwa rangi, naye atatazama nini? Chai mpe, bahasha usimpe.

Saruji muuzie anayejenga nyumba mpya Fuoni, nje ya mji, huko ina kazi yake. Boriti mpya usinunue kwanza. Hesabuni pamoja na mkaguzi zilizooza, na anzeni upande unaopakana na choo. Huenda ni tatu au nne tu.