Andika sababu, kisha andika muda

Hasara yangu kubwa ya kwanza kwenye soko la hisa niliipata nikiwa sahihi. Nilikuwa nimepitia hesabu za kampuni moja za miaka mitano. Madeni yalikuwa yanapungua, gawio, yaani sehemu ya faida wanayopewa wenye hisa, linalipwa kila mwaka, na bei ya hisa bado iko chini. Nikanunua, ila nusu ya fedha ilikuwa mkopo kutoka kwa dalali wangu wa hisa, na hisa zenyewe ndizo zilikuwa dhamana. Bei ikashuka kwa theluthi moja. Dalali akataka niongeze dhamana, sikuwa nayo, akaziuza hisa zangu kwa bei aliyoikuta siku hiyo. Mwaka uliofuata bei ilifika palepale nilipotarajia, na mimi sikuwa na hisa hata moja.

Kwa hiyo wewe unayeanza, ukisikia kwamba siri ni kuwa na imani na hisa yako, jiulize kwanza imani hiyo ina uwezo wa kungoja miezi mingapi, na fedha inayongoja ni ya nani.

Wakongwe nao yamewakuta. Julian Robertson, aliyeongoza mfuko wa uwekezaji wa Tiger Management, alizikataa hisa za kampuni za intaneti miaka ya mwisho ya 1990 kwa kuona bei zake hazina msingi. Bei zikazidi kupanda, wateja wakaondoa fedha zao, na mwishoni mwa Machi 2000 akatangaza kuufunga mfuko. Kumbe Nasdaq, kipimo cha bei za hisa za Marekani chenye kampuni nyingi za teknolojia, ilikuwa imeshafika kileleni tarehe 10 mwezi huohuo. Kufikia Oktoba 2002 ilikuwa imepoteza karibu asilimia 78. Hoja yake ilikuwa sahihi. Subira ya wateja ndiyo iliyokwisha.

Upande wa pili yuko aliyenunua hisa za Amazon, duka la mtandaoni, mwishoni mwa 1999, bei ikiwa imepita dola 100. Aliamini watu watanunua bidhaa kwa intaneti, na kweli wamenunua. Lakini mwaka 2001 hisa hiyo ilishuka chini ya dola 6, na ilichukua takriban miaka 10 kuirudia bei yake ya zamani. Ni wachache wanaoweza kungoja hivyo, hasa kama waliweka akiba yao yote.

Ndiyo maana nasisitiza kiasi. Weka fedha ambayo hata ikishuka nusu utalala usingizi, kwa sababu kilichoshuka nusu lazima kipande asilimia 100 ili urudi ulipoanzia. Mkopo uache kabisa mwanzoni. Mkopo unampa mtu mwingine haki ya kuamua siku yako ya kuuza.

Halafu ujue unafanya kazi ipi. Mwekezaji amenunua sehemu ya biashara, na biashara ikizalisha faida, muda unamsaidia. Anayebashiri bei amenunua mwendo wa bei, kwa hiyo muda ni sehemu ya hoja yake: mwendo usipotokea katika kipindi alichotarajia, hoja imeanguka. Ugonjwa ninaouona zaidi kwa wageni ni kuhama katikati ya safari. Mtu amenunua kwa wiki mbili, bei imeshuka, sasa anasema yeye ni mwekezaji wa muda mrefu. Hajasoma hesabu hata za mwaka mmoja. Ananiuma sana mtu huyu, maana nimekuwa yeye.

Siku hizi kabla ya kununua naandika mistari mitatu: sababu, muda, na jambo litakalonifanya niuze. Nikiwa nawekeza, jambo hilo huwa la biashara yenyewe, mfano deni kupanda au gawio kukatwa. Nikiwa nabashiri, huwa ni bei na tarehe. Ninaandika soko likiwa limefungwa. Tarehe ikifika na hakuna kilichotokea, nauza, hata kama siku hiyo moyo unaniambia ningoje wiki moja zaidi.