Unga chini ya kitanda cha mwembe

Pole, dada. Unga laini unaoukuta chini ya kitanda chako cha mwembe, pamoja na vitundu vya milimita 1 hadi 2, ni kazi ya dumuzi, mdudu anayetoboa mbao. Mchwa wa ardhini angeacha udongo. Vitundu hivyo ni vya mdudu mzima kutokea tu. Mlaji ni buu aliye ndani, anayefuata wanga kwenye sehemu nyeupe ya mbao. Ndiyo maana kupaka mafuta ya taa juu ya vanishi ni kujichosha, tena ni hatari ya moto chumbani. Fagia, zungushia vitundu penseli, subiri wiki kadhaa. Vikiongezeka, kwangua vanishi, paka dawa ya mbao yenye boroni, iache ikauke, kisha vanishi upya hadi chini ya chaga, kwani jike hutaga kwenye mbao zilizo wazi. Chaga zinazobonyea, choma moto.