Nilikuwa na vipaumbele kumi na vinne, nikaangushwa na mtaro

Juzi usiku kijana mmoja anayegombea udiwani jijini kwao alinitumia orodha ya vipaumbele vyake. Viko kumi na viwili, kila kimoja na rangi yake, ajira kwa vijana juu kabisa. "Kaka, niongeze au vinatosha?" Nilicheka, kisha nikanyamaza. Mimi nilikuwa na kumi na vinne.

Nilichukua fomu nikiwa sina shaka hata chembe. Nimesomea mipango miji, naongea nikasikika, mtaani wananijua tangu utotoni. Ilani yangu ilikuwa kurasa nane: ajira, usalama, hospitali ya rufaa, intaneti ya bure kila kona. Mpambe wangu mmoja aliisoma akasema, "Hii ni ya mbunge." Nikadhani ananisifu.

Siku moja, nikipita nyumba kwa nyumba, nilifika kwa mama mmoja anayeishi kando ya mtaro mkubwa. Nikaanza hotuba yangu. Alinisikiliza huku anaanua nguo, halafu akanishika mkono akaniingiza sebuleni, akanionyesha ukuta. Ulikuwa na mistari ya mkaa, mmoja juu ya mwingine, kila mmoja na mwaka wake pembeni. Kila mafuriko yalipokuja, alichora pale maji yalipofikia. Mstari wa juu kabisa ulinifika kiunoni.

"Haya mwanangu," akasema, "hilo la intaneti endelea."

Nami nikaendelea! Hadi leo nikikumbuka natamani ardhi ipasuke.

Mpinzani wangu, mtu asiyejua hata kushika kipaza sauti, alizungumzia mtaro. Asubuhi mtaro, jioni mtaro. Tulimcheka. Alinishinda kwa kura 38, na niseme kweli, bado inaniuma. Kuna watu walikula kwangu wakapiga kura kwake, lakini hayo tuyaache.

Baada ya hapo nilianza kwenda kwenye vikao vya baraza, nakaa nyuma kama mtazamaji, daftari mkononi. Ndipo nilipoelewa kumbe nilikuwa nauza nisichokuwa nacho. Diwani ana kura moja tu kati ya za madiwani wote. Polisi na hospitali kubwa, katika miji mingi, viko mikononi mwa serikali kuu. Kilicho mezani kwa baraza ni taka, mitaro, taa za barabarani, masoko, vibali vya ujenzi, ushuru na sheria ndogo. Hata hivyo fedha zake si za kuchota tu. Mishahara na matumizi ya kawaida hutangulia, kisha kinachobaki kwa miradi kinagombewa na kata zote. Tena makadirio huandaliwa miezi kadhaa kabla mwaka wa fedha haujaanza, kwa hiyo diwani mpya mara nyingi huikuta bajeti imeshapitishwa na waliomtangulia.

Sasa wewe uliyeniandikia, na wengine mnaojiandaa, nisikilizeni. Punguzeni! Viwili, vikizidi sana vitatu. Kila kimoja kiulize: je, baraza lina mamlaka nacho? Kitapitia kamati gani? Fedha zitatoka kifungu kipi? Kisipojibu, hicho si kipaumbele, ni dua. Na usikipate mezani kwako, kipate kwenye kuta za watu. Ukishakipata, usikubali wapambe wakuongezee kingine kwa sababu tu mkutano umejaa. Nasema tena, punguzeni. Kumwahidi mtu kitu usichoweza kumpa ni kumwibia, hata kama hukuchukua senti yake, na ninayesema haya nimeahidi hospitali ya rufaa nikiwa nagombea kata!

Yule mpinzani wangu aliingia kamati ya ujenzi, akang'ang'ana karibu kipindi chote. Mtaro umejengwa nusu. Umepita kwa yule mama, ukaenda nyumba tatu mbele, ukaishia hapo. Mwezi uliopita nilimtembelea. Ukutani pana mstari mpya, wa chini kuliko yote, unafika kwenye kifundo cha mguu. Nikamwambia nafikiria kuchukua fomu tena.

Alinitazama kwa muda, akaniuliza, "Na ile intaneti?"