Nani mwingine amesajili kidole kwa simu yako?

Imenichukua wiki tatu ndio niweze kuandika hii bila kupandwa na hasira. Nilitoka shifti ya usiku huko Industrial Area, Nairobi, nikashuka matatu pale Umoja saa mbili asubuhi, nikalala fofofo mpaka mchana, kuamka nakuta meseji ya benki ati shilingi 8,500 zimetumwa kwa namba siijui. Kitu ya kwanza nilifikiria ni wale wezi wa laini za simu, nikapigia benki, dada wa huko akaniangalizia akaniambia pesa imetoka kwa simu yangu mwenyewe na imeidhinishwa kwa kidole. Kidole, na mimi nilikuwa usingizini.

Nikaingia kwa mipangilio ya simu, pale kwa alama za vidole. Mimi nimesajili viwili tu, gumba la kulia na cha shahada cha kushoto. Nikakuta vitatu.

Kilikuwa cha kijana wa ndugu yangu ambaye alikuwa anakaa kwangu akitafuta kazi. Patani yangu, ule mchoro wa kufungua simu, alikuwa anaijua, juu kila jioni nilikuwa naichora mbele yake, na kuna siku nilimpatia simu anunue tokeni za stima, na ukishajua patani ya mtu unaweza kuongeza kidole chako bila yeye kujua. Tulikaa chini na baba yake, akakubali, analipa polepole. Hiyo ya familia niiachie hapo.

Yenye nataka muelewe ni hii. Simu haijui kidole ni cha nani. Inajua tu kama kimesajiliwa ama hakijasajiliwa, na ikiwa kimesajiliwa basi huyo ni wewe. Kuna programu za benki zenye hukataa kidole kipya kikiongezwa mpaka uweke PIN tena, na kuna zingine hazijali, na huwezi kujua yako ni ya aina gani mpaka siku utaibiwa.

Kilichonifungua macho zaidi ni kurudia kuangalia MythBusters, ile shoo ya sayansi ya Marekani tulikuwa tunaona Discovery. Mwaka 2006 walijaribu kufuli ya mlango ya kidole, kufuli yenye ilisifiwa ati haijawahi kushindwa na mtu. Kari Byron akampa mwenzake Grant Imahara CD, Grant akaishika bila kushuku kitu, wakapata alama yake hapo. Wakatengeneza nakala ya lateksi, ikafungua. Wakatengeneza ya jeli, ikafungua. Halafu wakachukua fotokopi, karatasi tu ya kawaida, wakailamba kidogo wakaiweka kwa skana, mlango ukafunguka! Nilirudisha hapo mara mbili. Ule unyevu wa mate ndio ulifanya mashine iamini ni ngozi ya mtu aliye hai.

Na si wao wa kwanza. Mwaka 2002 profesa mmoja wa Japani, Tsutomu Matsumoto, alidanganya skana za wakati huo kwa vidole vya jelatini, hii hii ya kutengeneza peremende. 2013 iPhone 5s ilitoka na kidole, na ndani ya siku chache Wajerumani wa Chaos Computer Club, kikundi cha wadukuzi, walikuwa wameshaifungua kwa alama iliyopigwa picha kutoka kwa kioo. Mwaka uliofuata mmoja wao akaonyesha vile unaweza kupata alama ya kidole gumba ya waziri wa ulinzi wa Ujerumani kutoka kwa picha za kawaida. Skana za sai ni bora kuliko ile kufuli, sikatai, lakini tatizo lenyewe halijaisha, juu kidole unakiacha kila mahali, kwa glasi ya chai, kwa chuma ya matatu, kwa kioo cha simu yenyewe.

Halafu PIN ikijulikana unabadilisha dakika hiyo hiyo. Kidole utabadilisha na nini? Marekani 2015 wadukuzi waliiba alama za vidole za watu milioni 5.6 kutoka ofisi ya serikali ya wafanyakazi, na hao watu watatembea na hivyo vidole mpaka wafe. Na sisi hapa Kenya tumetoa vidole kwa kitambulisho, kwa kura, kwa ule usajili wa serikali wa Huduma Namba 2019, kwa mashine ya kusaini kazini. Hiyo ya kazini uliza inawekwa wapi na itafutwa lini ukiacha kazi, sheria ya ulinzi wa data ya 2019 inakupa hiyo haki, usiogope bosi.

Kwa simu, mimi nilifuta vidole vyote nikaanza upya, nikatoa patani nikaweka PIN ya namba sita, na kwa programu zote za pesa nikazima kidole kabisa. Inachelewesha sekunde chache, sawa tu. Kidole nimekiachia kufungua simu peke yake. Na kama unalala mahali kuna watu huwaamini, ama kwa basi ya usiku, zima simu uiwashe tena bila kuifungua, hapo itakataa kidole mpaka PIN iingizwe, hata mtu akikushikia gumba ukiwa usingizini haitafunguka.

Jumapili nilienda kuona mamangu Kayole, nikamwomba simu. Alikuwa na vidole vinne humo, na yeye anakumbuka kusajili kimoja tu, siku aliyonunuliwa simu. Hivyo vingine vitatu hajui ni vya nani. Tulivifuta hapo hapo mezani kabla ya chai kupoa.