Akili Mnemba Ikuonyeshe Njia, Sheria Uisome Mwenyewe

Kijana mmoja wa Geita kaniandikia akitaka kujua nimejuaje mambo ya viapo na mihuri bila kukanyaga chuo cha sheria. Namjibu hapa, maana mko wengi mnaoendesha steshenari jirani na mahakama kama mimi na mnatamani kazi zenu ziheshimiwe.

Wiki jana alikuja mzee kutoka Ukerewe. Hati yake ya kiapo cha majina ilikuwa imerudishwa, na aliyeirudisha hakumwambia sababu. Nikaisoma mpaka chini. Jina la wakili lipo, sahihi ipo, muhuri umekolea vizuri. Lakini palipoandikwa "Kimetolewa hapa … leo tarehe …" zimebaki nukta tupu.

Nikaiuliza akili mnemba kwenye simu. Ikajibu bila wasiwasi wowote, ikataja sheria ya manotari, yaani wanaothibitisha hati, Sura ya 17 (sura ni namba ya sheria kwenye orodha ya sheria za nchi). Hiyo ni ya Kenya! Nikaandika upya: Tanzania, nipe sura na kifungu. Ndipo ikaleta sheria yetu, Sura ya 12, kifungu cha 8. Sikuishia hapo. Nikafungua tovuti ya TanzLII, ambako sheria na hukumu zetu zinasomwa bure, nikakisoma chenyewe: anayeapisha aandike jina lake, na aeleze kwa ukweli mahali na tarehe ya kiapo. Kulikuwa pia na hukumu ambayo akili mnemba ilinitajia. Nikaitafuta kwa jina na kwa namba, haimo. Nikaachana nayo.

Nikamchapia mzee hati upya, akaenda kuapa upya mbele ya wakili, ikapokelewa. Akanipitishia sato mkubwa kabla ya kuwahi meli. Nilifurahi, sifichi. Kuna wakili aliwahi kuniambia mbele ya wateja kwamba kazi yangu ni kubonyeza herufi, sheria niwaachie wenye majoho. Maneno yale mpaka leo hayajanitoka.

Basi ndugu zangu, mkiuliza tajeni nchi. Takeni kifungu, kisha kifungueni mkisome kwa macho yenu. Na mkiwa humo someni pia kifungu cha 7: wakili anayemsimamia mtu kwenye shauri hatakiwi kumwapisha katika shauri hilohilo. Watu wanapelekwa kwa wakili wao wenyewe kwa sababu ofisi yake iko karibu, halafu hati inakataliwa mahakamani, nauli imeshaliwa na siku imepotea. Anayeweza kuliona hilo mapema ni wewe uliyekaa kwenye kompyuta. Usiniambie huna muda. Muda wa kupitia status za watu unao.

Jingine, msibandike hati nzima ya mteja kwenye hiyo programu ya akili mnemba. Ondoeni kwanza jina, namba ya kitambulisho cha taifa (NIDA) na ya simu. Tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na swali la tarehe ya kiapo linajibika bila kumtaja mtu yeyote.